Mtoto anayekataa kwenda kwa baba: tusiishie kuuliza ana miaka mingapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, barua yangu ni ndefu kidogo ila hili jambo limenikaa kifuani tangu niliposoma ile barua ya dada aliyeuliza kama binti yake wa miaka 11 anaruhusiwa kisheria kukataa kwenda kwa baba yake wikiendi au bado umri haujafika. Ikanikaa zaidi niliposoma majibu ya wasomaji kwenye toleo lililofuata. Mmoja kasema akifika 7 anachagua mwenyewe. Mwingine kasema 12. Mwingine kaja na 14 na kaapa kabisa kwamba kaambiwa na wakili. Halafu kuna yule aliyesema mtoto ni mtoto tu, hana cha kukataa, apelekwe hata kwa kuburutwa. Wote wameandika kwa uhakika, na mi nnachoogopa ni kwamba yule dada atachukua jibu moja kati ya hayo na kwenda nalo Ijumaa inayokuja.

Mi sio wakili. Ni mama niliyefikishwa mahakamani kwa jambo hili hili, na miaka mingi kabla ya hapo nlikuwa mimi mwenyewe ndo mtoto niliyesema sitaki kwenda. Kwa hiyo hili jambo nimelikalia pande zote mbili na nimelisoma mpaka macho yameuma, nikawauliza wanaolijua, nikasoma na sheria zenyewe.

Nianze na hizo namba maana hazijatoka hewani. Kila mmoja kaokota kipande cha ukweli mahali. Hiyo 7 na 12 ukienda Norway utaikuta, sheria yao ya watoto ya mwaka 1981, baada ya kurekebishwa, iliweka kwamba mtoto akifika miaka 7 lazima apewe nafasi ya kusema kabla ya uamuzi unaomhusu, na akifika 12 anachosema kipewe uzito mkubwa. Kupewa uzito mkubwa lakini sio kuamua, hapo ndo watu wanaruka. Finland wao wameenda mbele zaidi, sheria yao ya mwaka 1996 ya kutekeleza maamuzi ya malezi inasema mtoto aliyetimiza 12 hapelekwi kwa nguvu kama mwenyewe hataki, na hata aliye chini ya hapo kama ameshakomaa kiasi cha maoni yake kuzingatiwa. Hiyo 14 ni ya Marekani, na hata huko sio nchi nzima maana kila jimbo lina sheria zake. Georgia mtoto wa miaka 14 anaweza kuchagua akae na mzazi yupi, lakini jaji akiona chaguo hilo halimfai mtoto analiweka pembeni. California mtoto wa miaka 14 akitaka kusema mbele ya mahakama kuhusu kukaa au kutembelea anaruhusiwa, labda jaji aone kumsikiliza kutamuumiza. Umeona? Anaruhusiwa kusema. Hakuna mahali hapo palipoandikwa kwamba siku ya birthday ya 14 mtoto anaamka na kura ya turufu.

Uingereza na Wales sheria yao ya watoto ya mwaka 1989 haina hata umri, inamwambia jaji aangalie matakwa na hisia za mtoto kwa kadiri ya umri wake na uelewa wake, basi. Ila oda, yaani amri za mahakama, za kuonana na mzazi kwa kawaida hazivuki miaka 16 mpaka kuwe na sababu ya kipekee, kwa hiyo kule kijana wa miaka 16 ukimuuliza atakwambia hakuna wa kumlazimisha na kwa vitendo yuko sahihi.

Na sheria zinazowahusu wasomaji wengi wa gazeti hili? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema mahakama ikiamua mtoto akae na nani iangalie matakwa ya mtoto kama amefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe kwa uhuru. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo ikaja na kusema mtoto ana haki ya kutoa maoni na asizuiwe, na kwenye kuamua akae na nani, mahakama izingatie maoni yake kama ameyatoa kwa uhuru. Kenya sheria yao ya watoto ya mwaka 2022 inasema apewe nafasi ya kutoa maoni na yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Hapo mstari wa kusema kuanzia umri fulani anakataa haupo. Mpaka afike 18 kinachosimama mbele ni maslahi ya mtoto, na maoni yake ni sehemu kubwa ya kuyajua hayo maslahi, lakini anayeamua ni mahakama.

Haya yote mzizi wake ni mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu dunia nzima imeuridhia, Marekani tu ndo haijauridhia. Ibara ya 12 inasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asikilizwe kwenye kila jambo linalomgusa. Ibara ya 9 inasema mtoto aliyetengana na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara isipokuwa kama kuonana huko kunamdhuru. Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto wa mwaka 1990 nao unasema hivo hivo. Someni vizuri hapo, imeandikwa haki ya MTOTO kuonana na mzazi. Sisi wazazi tumezoea kusema "haki yangu kumuona mwanangu" na yule mwingine anajibu "haki yangu kumlinda mwanangu" na mwenye haki yake yuko chumbani anasikiliza tunavyogombana kwenye simu.

Na kamati inayosimamia huo mkataba mwaka 2009 ilitoa ufafanuzi kwamba nchi zisiweke umri wa chini wa mtoto kusikilizwa, maana hata mdogo sana ana namna yake ya kuonyesha, kwa kuchora, kucheza, ishara za mwili na za uso. Wakasema pia kusema ni hiari ya mtoto sio wajibu. Hilo la mwisho nalirudia kwa wazazi wenzangu: mtoto ana haki ya kutokuchagua kati yenu. Usimkalishe sebuleni na ndugu wamekaa ukamuuliza haya sema unamtaka nani.

Sasa nieleze yangu.

Nikiwa na miaka 9 kila likizo nlikuwa napelekwa kwa ndugu mmoja wa upande wa mama. Nyumba kubwa, watu wengi. Kulikuwa na mtu mzima mmoja pale ambaye sitamtaja, na sitaeleza alichofanya, wanaojua wataelewa. Nilichokuwa nacho mimi ni neno moja tu, sitaki. Sikuwa na maneno mengine, mtoto wa miaka 9 anayapata wapi. Nikaambiwa nina kiburi. Nikaambiwa ndugu ni ndugu, watasemaje wakisikia. Nakumbuka nlikuwa nashika mlango wa gari kwa mikono miwili na nabanduliwa kidole kimoja kimoja huku nacheka kidogo, maana wote walikuwa wanacheka wakidhani nadeka, na mimi nikawa nacheka nao. Ilichukua likizo tatu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kwa nini. Hata mmoja. Na sio kwamba walikuwa watu wabaya, mama yangu alinipenda sana, ila kwenye akili yao swali lilikuwa ni adabu.

Kwa hiyo miaka imepita, nimeolewa, tumeachana na mwenzangu, mahakama ikaamua mtoto wetu wa kiume akae na mimi na kila baada ya wiki mbili aende kwa baba yake kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Mwaka wa kwanza alienda vizuri tu. Alivyofika miaka 10 Ijumaa moja nakuta begi kaliweka nyuma ya mlango, yeye kakaa chini anafunga kamba za viatu. Anafunga, anafungua, anafunga tena fundo juu ya fundo mpaka kamba ikaisha. Baba yake yuko nje anapiga simu. Nikamwambia mwanangu vipi, akasema bila kuniangalia, "Sitaki kwenda."

Mhariri, mi hapo hapo nikarudi kwenye ule mlango wa gari. Sikuuliza kitu. Nikatoka nje nikamwambia baba yake mtoto hataki na hatakwenda, akaniuliza kwa nini, nikamwambia jiulize mwenyewe. Nikafunga mlango. Kiukweli nlijisikia kama nimemlinda yule mtoto wa miaka 9 ambaye hakuna aliyemlinda, na kwa mwezi mzima nikawa natembea na hasira kifuani kama mtu ambaye ana ushahidi wakati ushahidi sina. Mtoto kila nikimgusia alikuwa ananyamaza na kimya chake mi nikakisoma nilivyotaka kukisoma.

Wikiendi tatu zikapita hivo. Baba yake akaenda mahakamani akaomba oda itekelezwe. Nikaitwa. Nikasimama nikasema kwa sauti kabisa, mheshimiwa mtoto mwenyewe amekataa, ana miaka 10, ana akili zake. Hakimu aliniuliza kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka. Aliniuliza, "Oda ilielekezwa kwa mtoto au kwako?" Nikakaa kimya. Akanieleza taratibu tu, hakufoka, kwamba mtoto hawezi kuvunja oda kwa sababu hakuamriwa kitu, aliyeamriwa kumpeleka na kumruhusu ni mimi, na kusema hataki hakunitoi kwenye wajibu huo. Akasema kama nlikuwa na wasiwasi nilitakiwa niende pale siku ile ile ya kwanza kuomba oda isimamishwe au ibadilishwe, sio kukaa nyumbani na kujiandikia oda yangu.

Hili ndo yule dada nataka alisikie kuliko yote. Kwenye nchi nyingi mzazi anayeishi na mtoto anatakiwa aonyeshe kwamba amejitahidi kweli, amemwandaa mtoto, amemtia moyo, hajamsema mzazi mwenzie vibaya, na bado mtoto amegoma. Akikaa tu na kusema ni uamuzi wa mtoto anaweza kuhesabiwa amedharau mahakama, na huko kuna faini, kuna kifungo, na kuna kubadilishiwa kabisa mtoto ahamie upande wa pili. Kijana wa miaka 16 anayetoka mwenyewe na kwenda kwa rafiki zake mahakama nyingi zinaelewa huwezi kumbeba mgongoni. Wa miaka 8 hawatakuelewa kirahisi.

Ila kama kuna hatari, hapo ni habari nyingine kabisa na naomba mtu asichanganye. Kama mtoto amekwambia amepigwa, ameguswa, ameachwa peke yake usiku, kule kuna ulevi au silaha, usimpeleke ili tu uonekane mtii. Nenda polisi, nenda hospitali, nenda ustawi wa jamii, na siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi uwe mahakamani kuomba oda ya dharura. Kuna kuonana chini ya usimamizi, mzazi anamuona mtoto sehemu maalumu na mtu mwingine yupo, kuna kusimamisha kabisa. Njia zipo. Ukikaa kimya nyumbani na mtoto wako, hata kama una sababu ya kweli, kwenye karatasi unaonekana wewe ndo mkosaji.

Basi hakimu akaagiza afisa ustawi azungumze na mtoto. Mama mmoja wa makamo, mpole. Alikuja nyumbani, akaniomba nitoke nje kabisa, sio chumba cha pili, nje. Alienda pia kwa baba yake. Baadaye sana mwanangu alinisimulia jinsi alivyoulizwa na mi hapo ndo nimejifunza kitu ambacho nadhani kila mzazi angekijua mapema. Hakumuuliza unampenda baba? Hakumuuliza kwa nini hutaki kwenda? Alimwambia, "Nisimulie siku nzima ukiwa kwa baba, unafika saa ngapi, mnafanya nini, mpaka unalala na unaamka." Mtoto akaanza. Wanafika, wanaangalia mpira, anacheza na binamu zake, wanaoga, wanakula. Akafika kwenye kulala akanyamaza. Yule mama naye akanyamaza, akamuacha. Akamuuliza tu, "Unalala wapi?"

Mwanangu alikuwa bado anakojoa kitandani mara moja moja. Nyumbani kwangu tulikuwa tunabadilisha shuka tu, haikuwa habari. Kwa baba yake walihamia binamu wawili wakubwa mwaka ule, akawa analala nao godoro moja, na Jumamosi moja asubuhi waliliburuta godoro mpaka uani mchana kweupe na kumuimbia. Baba yake alikuwa hayupo, alikuwa kazini, hakujua kabisa. Mtoto aliona aibu kumwambia baba kwa sababu binamu ni watoto wa kaka yake baba, na aliona aibu kuniambia mimi kwa sababu, hili ndo liliniumiza, alisema "mama angemchukia baba."

Alijua. Miaka 10 na alikuwa amenisoma vizuri kuliko nilivyomsoma mimi.

Nimelia sana kwa hili na siandiki ili mtu anionee huruma. Naandika kwa sababu kuna kukataa kwa aina mbili hapo, kwangu na kwa mwanangu, na neno lilikuwa moja tu, sitaki. Langu lilikuwa la hatari na likaitwa kiburi. Lake lilikuwa la aibu linalotibika kwa godoro na maneno mawili ya baba yake kwa wale binamu, na mimi nikaliita hatari. Aliyenipeleka mimi kwa nguvu na mimi niliyemzuia mwanangu tumefanya kosa lile lile, hatukuuliza. Sasa unaniambia umri wa miaka mingapi ungetusaidia hapo? Angekuwa na 12 au 14 bado nisingejua.

Mahakama iliamua kwa miezi mitatu aende mchana tu bila kulala, baba amtafutie sehemu yake ya kulala, halafu turudi. Mwezi wa pili mtoto mwenyewe ndo aliyeomba kulala, kulikuwa na mechi usiku.

Nigusie na lile la mtoto kulishwa maneno maana kuna msomaji aliandika kwamba watoto wote wanaokataa wamelishwa na mama. Wapo wanaolishwa, nakubali, nimewaona, mtoto wa miaka 6 anaongea kuhusu hela za matunzo kama karani. Ndo maana sheria zinasema maoni yaliyotolewa kwa uhuru. Lakini kuna daktari wa akili wa Marekani anaitwa Richard Gardner ambaye mwaka 1985 aliipa hii kitu jina kama ugonjwa, kwamba mzazi mmoja anamtenga mtoto na mwenzie, na tangu hapo mahakama sehemu nyingi zimekuwa zikiambiwa mtoto akikataa tatizo ni mzazi anayeishi naye. Mwaka 2023 mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa mambo ya ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, Reem Alsalem, alitoa ripoti akasema hoja hii inatumika kuwarudisha watoto kwa watu wanaowaumiza na akashauri nchi ziipige marufuku kwenye kesi za namna hii. Kwa hiyo huwezi kuanza na jibu. Sio la kwamba mama kamlisha, wala la kwamba baba ni mbaya.

Na kwa yule wa kuburuta. Mwaka 2015 huko jimbo la Michigan Marekani jaji mmoja aliwapeleka ndugu watatu kizuizini, kituo cha watoto wahalifu, kwa sababu walikataa kula chakula cha mchana na kuongea na baba yao. Mdogo wao alikuwa na miaka 9. Walikaa huko zaidi ya wiki mbili. Mwaka 2017 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilimkaripia yule jaji hadharani. Sasa niulize, wale watoto wakitoka pale ndo watampenda baba? Nguvu inaweza kuuleta mwili wa mtoto mpaka mlangoni lakini yule baba hakuwa anataka mwili, alikuwa anataka mwanae.

Kuhusu bibi, babu, shangazi na wajomba nitasema kwa ufupi maana watu wanachanganya. Oda za kuonana mara nyingi ni za wazazi. Ndugu wengine sehemu nyingi hawana haki ya moja kwa moja, wanaomba mahakama na mahakama inaangalia kama kuna faida kwa mtoto na wazazi wanasemaje. Marekani kuna kesi ya mwaka 2000 ya Troxel dhidi ya Granville, babu na bibi walitaka muda zaidi na wajukuu kuliko mama alivyokubali, mahakama ya juu kabisa ikasema uamuzi wa mzazi anayemlea mtoto vizuri lazima upewe uzito. Na sehemu nyingi kama hakuna oda, mtoto akisema sitaki kwenda kwa mjomba, wewe mzazi una uwezo kamili wa kusema basi haendi. Huhitaji hakimu. Huhitaji kikao. Wanaokulazimisha hapo sio sheria, ni lawama za ndugu, na lawama za ndugu zinavumilika. Nasema hivi kwa sababu mi nlipelekwa kwa ajili ya lawama.

Dada yangu, umri wa binti yako ni 11. Kama una oda ya mahakama usiivunje kwa mdomo wa mtoto. Kaa naye kabla Ijumaa haijafika, sio Ijumaa yenyewe baba akiwa nje, mwambie akusimulie siku yake kule tangu anafika mpaka anaamka kesho yake, we fanya kazi nyingine mikono ikiwa busy usimkazie macho, na usishtuke, maana akiona sura yako imebadilika atafunga mdomo. Akinyamaza mahali muache kidogo. Andika alichosema kwa maneno yake, na tarehe. Kama ni dogo ongea na baba yake kabla hujaongea na mtu mwingine yeyote, inauma lakini ongea, mi nimeongea na wangu kwenye korido ya mahakama na tulipaswa kuongea getini miezi minne kabla. Kama ni kubwa usiongee naye, nenda kwenye vyombo moja kwa moja. Na kama baada ya yote bado anasema hataki na huoni sababu, omba mahakama imsikilize yeye mwenyewe faragha kwa hakimu au kupitia afisa ustawi, hiyo ni haki yake kwenye ibara ya 12 ya ule mkataba wa Umoja wa Mataifa, na omba oda ipunguzwe au ibadilishwe rasmi wakati mnatafuta sababu. Binti anaelekea kubalehe pia, saa ingine shida ni bafu lisilo na komeo, au rafiki mpya wa baba, au anakosa mazoezi yake ya Jumamosi. Mtoto hawezi kukwambia hayo ukimuuliza "unataka au hutaki."

Na wewe Mhariri, kama una wakili anayeandikia gazeti, namuomba aeleze kwa lugha nyepesi mtu anaombaje oda ibadilishwe, anaanzia dirisha gani, anabeba karatasi zipi, na kama lazima awe na wakili. Mimi nilizungushwa siku tatu hapo, na najua kuna wazazi wanaokata tamaa hapo mlangoni na kurudi nyumbani kufunga mlango kama nilivyofunga.

Mwanangu ana miaka 15 sasa. Nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika kuhusu godoro, akasoma barua yote, akasema nitume ila nisiweke jina.

Mama wa kijana mmoja